Kilo Sitini na Mbili za Cucu

Cucu, nyanya yangu, alitoka hospitali huko Thika akiwa na karatasi tatu, mfuko wa dawa na mimi. Mimi nilikuwa kwenye karatasi ya pili, pale palipoandikwa "mlezi wa nyumbani". Hakuna aliyeniuliza. Anko mkubwa, kifungua mimba wa cucu, ndiye aliyetaja jina langu kwa nesi kwa sababu, kama alivyosema wodi nzima ikisikia, "huyu hana kazi, ako tu kwa nyumba." Wakati anasema hivyo nilikuwa na mtoto wa miezi minane mgongoni, mkono wa kulia nimeshika beseni la cucu na wa kushoto nimemshika cucu mwenyewe.

Sijapoa mpaka leo. Nasema mapema ili mtu asisome hapa akitafuta upole.

Lakini sikukataa, kwa sababu cucu ndiye alinilea. Mama alituacha nikiwa darasa la tatu na cucu akanichukua kama anachukua kuku aliyepotea, bila maneno mengi. Alinisomesha mpaka kidato cha nne kwa jembe. Ana miaka themanini na kitu, na hicho kitu hubadilika kulingana na anayeuliza.

Ugonjwa wake ni moyo. Daktari wa wodi alitueleza hivi: moyo umechoka kusukuma, kwa hivyo maji yanabaki mwilini. Yanaanza kwa miguu, yanapanda tumbo, yakifika kwa mapafu mtu anazama akiwa kitandani kwake pakavu. Alisema hivyo cucu akiwa ameketi hapo hapo anafunga kitambaa. Kisha akatoa sheria. Chumvi hapana. Vinywaji vyote, chai na uji na supu na maji, visizidi lita moja na nusu kwa siku. Dawa ya kutoa maji kila asubuhi. Na uzito upimwe kila siku, kwa sababu maji yakiingia uzito hupanda kabla ya mtu kuhisi kitu.

"Akiongeza kilo mbili kwa siku tatu," akasema, "mnamrudisha hapa hapa."

Cucu aliangalia sakafu. Mimi nilidhani anatafuta kiatu.

Mimi hukaa Gitothua, Ruiru, ploti ya nyumba nane na bomba moja. Mume wangu hufanya kazi kiwandani Thika, anatoka kukiwa giza na kurudi kukiwa giza, kwa hivyo katika hadithi hii hayupo, na hata nyumbani hayuko sana. Mizani ya kupima watu hatukuwa nayo. Mizani iliyokuwa karibu ilikuwa ya mama waru, muuza viazi wa pale kwenye kona, ya chuma, ya kupima magunia yake. Nikamwomba, akakubali, akapanguza mchanga kwa leso.

Ilikuwa Julai. Wanaojua Julai ya Ruiru wanajua ile baridi inayoingia hata kwa meno. Cucu alitoka siku ya kwanza amevaa koti zito la kijani lililokuwa la babu, sweta tatu, sketi mbili, soksi za sufu na gambuti. Ndani ya mifuko ya koti kulikuwa na Biblia, tochi, na kufuli la nyumba yake ya shamba pamoja na funguo zake. Hakuacha vitu hivyo nyumbani kwangu kwa sababu, alisema, nyumbani kwangu kuna watu. Watu hao ni mimi na mume wangu.

Karatasi ilisema apimwe na nguo nyepesi, na ziwe zile zile kila siku. Niliisoma hiyo sentensi. Lakini nani angemvua cucu kando ya barabara, na baridi ile, mbele ya watu wa waru? Nikasema moyoni, bora iwe kila siku hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipokosea, na nakubali.

Mama waru ana tabia ya kutaja uzito kwa sauti ili mwenye gunia asije akasema ameibiwa. Cucu alipopanda hakubadilisha tabia.

"Sitini na mbili," akatangaza mpaka ng'ambo ya barabara.

"Za nani?" akauliza mtu wa mitumba.

"Za cucu."

Saa tatu kila asubuhi simu ililia. Hospitali ilikuwa na mpango wa kufuatilia wazee waliotoka wodi, na sisi tulipewa kijana mmoja wa rika langu, mpole, mwenye fomu. Nilimwita daktari wa simu. Sijui kama alikuwa daktari.

"Uzito, mama?"

"Sitini na mbili."

"Vizuri sana. Mgonjwa anavuta sigara?"

"Hapana."

"Amepanga kuacha?"

"Havuti."

"Nitaweka ndio. Amefanya mazoezi ya wastani?"

"Amegombana na mimi."

"Hiyo niandike dakika ngapi?"

"Arobaini."

Akaandika. Nilisikia kalamu.

Hayo yote ningeyaweza. Kilichonishinda ni akina mama wa kanisa. Walikuja Jumatano ya kwanza wakiwa kumi na wanne, chumba chenye viti vinne, kila mmoja na kitambaa cheupe kichwani na thamosi mkononi. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na mgonjwa naye haachi kuonja. Asipoonja amemdharau aliyebeba. Sasa piga hesabu: thamosi kumi na nne, za chai ya maziwa, uji wa wimbi na supu ya mifupa yenye chumvi ya kutosha ng'ombe.

Mimi nilikuwa na chupa ya soda ya lita moja na nusu. Kila asubuhi niliijaza maji, na kila cucu alipokunywa kitu nilimwaga kiasi hicho kutoka kwa chupa kwenye ndoo ya nepi. Chupa ikiisha, cucu amemaliza kunywa. Hiyo akili nilijipa mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Basi wakaimba, cucu akaonja kikombe cha kwanza, nikamwaga. Akaonja cha pili, nikamwaga. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, akaacha kuomba katikati.

"Hayo maji unamwaga ni ya nini?"

"Ni yale cucu amekunywa."

Nikaona macho yao yakienda kwa cucu, kwa chupa, kwa ndoo. Mmoja akafunga macho na kuinua mikono. Mwingine akanivuta pembeni na kuniomba maji hayo kidogo, apake goti linalomuuma. Nikampa. Ningesema nini? Wiki iliyofuata alisimama kanisani akashuhudia kwamba goti limepona, na Jumatano hiyo walikuja kumi na tisa.

Nilibandika karatasi mlangoni: HAKUNA CHUMVI. HAKUNA SUPU. HAKUNA CHAI YA PILI. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, akasema naandika vizuri, akaingia na supu.

"Cucu, kataa," nikamwambia walipoondoka.

"Nikatae mtu ametembea kutoka Kiuu na thamosi?"

"Utazama."

"Kwani uzito ni ngapi?"

"Sitini na mbili."

"Basi."

Na kweli ilikuwa sitini na mbili. Wiki ya pili, sitini na mbili. Ya tatu, sitini na mbili, siku nyingine na nusu. Mama waru alianza kusema ile mizani imekwama, akapanda mwenyewe, akakuta haijakwama, na hakutangaza. Daktari wa simu alifurahi mpaka akasahau sigara.

"Mama, nyinyi ni mfano. Nimewataja kwa mkutano wetu. Nilikuwa nije huko kumwona Alhamisi, lakini kwa vile namba zenu ni nzuri, tumewapa wengine nafasi."

Kumbe ukifanya vizuri, unaachwa. Nikasema asante kama mjinga.

Katika wiki hizo cucu alianza kugawa nguo. Koti la babu lilikwenda kwanza. Mwenyekiti alikuwa akiaga, cucu akalivua, akatoa Biblia na tochi na kufuli, akamwekea mabegani. "Kuna baridi, chukua hii." Mama yule alilishika, akaangalia uso wa cucu, akaanza kulia bila sauti. Baada ya siku mbili ikatoka sweta ya kwanza. Kisha gambuti, kwa mama wa goti. Kisha sketi. Tochi na Biblia akampa mzee wa kanisa. Kufuli akampelekea anko.

Hilo la kufuli ndilo lilimaliza watu. Anko akanipigia simu.

"Amepeana na koti?"

"Amepeana."

"La babu?"

"La babu."

"Basi anajua siku yake."

Na mimi niliamini. Mtu mzee akianza kugawa vitu vyake bila kuombwa, kila mtu kwetu anajua anachosema. Niliingia choo cha ploti nikalia, nikimnyonyesha mtoto humo humo, mtu akigonga mlango akitaka kuingia. Nilikuwa nimepewa kazi moja duniani, ya kumweka cucu hai, na yeye alikuwa anapanga kuondoka na uzito mzuri namna hiyo.

Anko akafungua grupu la simu la familia akaliita "Safari ya Mama". Nikaingizwa kama mtu wa kuripoti. Kila jioni shangazi zangu waliuliza, "Bado?" nami nikajibu, "Bado." Wakabishana kuhusu hema, liwe jeupe au la zambarau. Mmoja alisema la zambarau linaonekana vizuri kwa picha. Cucu wakati huo alikuwa kwenye kiti changu akila ndizi na kuuliza kama kuna chumvi imebaki popote.

Alikuwa analala kwenye kiti hicho pia. Nilimwuliza kwa nini kila akilala kitandani anakohoa na kurudi kitini, akasema anaangalia mlango. Nilimwuliza kwa nini anahema akienda bombani, akasema Gitothua ina mlima. Gitothua haina mlima. Miguu yake hakuwahi kuniruhusu kuiona. Alijiosha mwenyewe amefunga pazia, na soksi za sufu hakuwa amempa mtu.

Jumamosi ya wiki ya tano anko akafika kutoka Thika na mpiga picha. Mpiga picha alikuwa mtu mzima mwenye kizibao cha mifuko mingi, na alikuwa amebeba kitambaa kikubwa chenye picha ya maporomoko ya maji, akakitundika kwenye kamba yangu ya nguo juu ya nepi. Tulikuwa tumetoka kwa mizani. Cucu alikuwa na gauni jepesi la maua na ndara za mume wangu. Sitini na mbili.

"Tunataka picha nzuri mami akiwa na nguvu," anko akasema. Kisha akatoa karatasi. "Na hii historia tuisome, asije mtu akasema tumekosea. Marehemu alizaliwa—"

"Nani?" cucu akauliza.

"Ni vile huandikwa, mami."

"Endelea."

"Alizaliwa katika familia ya watoto tisa."

"Kumi na mmoja. Wawili hukuwajua. Andika pia nilikuwa mweka hazina wa akina mama. Na uandike wewe ulirudia darasa la saba mara mbili."

"Hiyo si historia yako."

"Mwenye kulima ya karo alikuwa nani?"

Anko akaandika kitu. Mpiga picha akasema angetaka moja ya mwili mzima, ila si na ndara, mama aonekane na heshima. Nikaenda kuchukua viatu vyeusi vya Jumapili. Nikapiga magoti. Kiatu kikakataa. Nikasukuma, kikakataa. Cucu akasema vimekunjamana kwa unyevu. Nikavuta soksi chini kabla hajanizuia.

Mguu ulikuwa umejaa, unang'aa, alama ya soksi imekata kama kamba kwenye mzigo. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama, na nilipokitoa shimo likabaki pale, linanitazama.

Hesabu mtihani wa mwisho nilipata D. Lakini hiyo niliifanya nikiwa magotini. Julai, na koti na sweta tatu na gambuti na kufuli, sitini na mbili. Leo, na gauni la maua, sitini na mbili.

"Cucu. Nguo uligawa moja moja."

"Ningegawa zote siku moja ningebaki uchi."

"Kila ukipanda kilo unavua kitu."

Akamgeukia mpiga picha. "Piga basi."

Sikumpiga mtu. Nataka ijulikane kwamba sikumpiga mtu. Nilimpigia simu mwenyekiti nikamwambia alete koti, sweta, sketi, gambuti, kila kitu, sasa hivi, kwa mama waru. Walidhani cucu ameondoka. Walikuja mbio, tisa, wengine wamevaa hizo sweta, wakaanza wimbo wa huzuni kwenye kona. Wakamkuta cucu ameketi juu ya gunia la viazi akiwaangalia, wimbo ukafia katikati.

"Vueni," nikawaambia.

Wakavua. Nikarundika kila kitu kwenye mizani, anko akatoa kufuli mfukoni akaliweka juu, mzee wa kanisa akaleta Biblia na tochi. Mama waru akasogeza kidude, akainama, akasogeza tena.

"Sita na nusu," akatangaza.

Mtu wa mitumba akauliza za nani. Nikamwambia ni maji ya cucu. Ndiyo, kilo sita na nusu za maji zilizoingia taratibu, thamosi baada ya thamosi, na sisi tunapongezwa kwa simu.

"Kwa nini?" nikamwuliza cucu. Sauti yangu ilikuwa mbaya.

Alichukua muda, kwa sababu ya pumzi. "Kule wodi, yule mama wa kitanda cha pembeni alikufa asubuhi," akasema. "Wakamfunika. Halafu mwenye chai akapita, akamwekea chai yake na mkate na yai, kama kawaida. Vikakaa hapo vinapoa. Nikavikula." Akafuta mdomo kana kwamba makombo bado yapo. "Nilikuwa na njaa. Nikirudi wataniweka hicho kitanda. Najua."

Mwenyekiti alifungua mdomo aombe, nikamwangalia, akaufunga.

Ni anko aliyeongea. Aliongea taratibu, kama mtu mwenye busara. "Labda tumwache tu apumzike. Si ameshaaga?"

"Anko, hajaaga mtu. Alikuwa anadanganya kilo."

"Lakini watu wamejiandaa. Hema—"

"Hema urudishe."

Nikampigia daktari wa simu mimi mwenyewe, mara ya kwanza.

"Uzito ni sitini na mbili," nikasema.

"Vizuri s—"

"Bila nguo. Mwanzo ilikuwa na nguo. Nguo ni sita na nusu."

"Fomu haina sehemu ya nguo, mama."

"Basi itafute, ama nije naye hapo kwa meza yako nimvue uandike unachokiona."

Nikamsikia akiweka kalamu chini. "Analala vipi?"

Lilikuwa swali la kwanza la maana kwa wiki tano. "Ameketi. Akilala chali anakosa hewa."

Alifika kabla ya saa sita, pikipiki imejaa vumbi, fomu ameiacha. Alimsikiliza cucu mgongoni kwa muda mrefu, na uso wake ukaacha kuwa wa kijana mpole. Akampigia mkubwa wake. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti.

"Cucu, maji yamefika kwa mapafu. Nitakudunga sindano ya kuyatoa, kwa mshipa. Nakaa hapa na wewe. Ikifika saa kumi na bado unahema hivi, tunaenda Thika, na hapo hatubishani."

"Nitalala kitanda kipi?"

Ningekuwa mimi ningedanganya. Yeye akasema, "Sijui, cucu."

Cucu akamtazama. "Basi dunga," akasema.

Sindano hiyo haina adabu. Dakika ishirini hazijaisha akataka ndoo. Nikawafukuza wanaume wote nje, anko na historia yake, mpiga picha na maporomoko yake. Daktari naye akatoka lakini akasema kupitia mlangoni kwamba kila kitu kipimwe, nikawa namimina kwenye jagi na kumsomea, naye anaandika kwenye kiganja. Mwenyekiti ndiye alibaki kunisaidia kumwinua, yeye kwapa moja na mimi lingine. Alikuwa amepandisha mikono ya sweta. Hakuomba. Alisema tu, mara moja, "Ile supu yangu ilikuwa na chumvi," na mimi nikasema ndio, ilikuwa na chumvi.

Saa nane hivi nilimweka cucu kitandani na mto mmoja, kujaribu. Nilisimama hapo nikingoja kile kikohozi. Hakikuja. Kifua kilipanda na kushuka, hakikuwa kizuri, lakini kilikuwa polepole kuliko asubuhi. Daktari akachungulia, akasikiliza tena, akasema tungoje saa kumi.

"Uko na hasira," cucu akasema, macho amefunga.

"Niko nayo sana."

"Na mimi niliogopa."

"Ungeniambia."

"Ungenirudisha."

Ilikuwa kweli, ningemrudisha siku hiyo hiyo, na angekuwa na kilo mbili tu za kutoa. Nikamwambia alale.

"Siwezi," akasema. "Leta ndoo."

Nikamwita mwenyekiti, tukamwinua. Ilikuwa mara ya saba.